Ndoano, tangi la kioo au bwawa la uani? Ulinganisho kwa mpenda samaki wa Nyanda za Juu Kusini

Samaki wangu wa kwanza wa tangi walifia Isongole. Nilikuwa nimewavua mwenyewe kwenye miamba ya Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwa ndoano ndogo kuliko punje ya mchele na donge la ugali: saba, wengine wa samawati iliyokolea, wengine wa manjano yenye mabaka. Niliwatia kwenye ndoo ya lita ishirini yenye mfuniko, nikapanda gari la kurudi Mbeya nimeipakata kama mtoto. Kyela kulikuwa na joto la kuvua shati. Tukuyu mvua ilikuwa inanyesha. Gari liliposimama Isongole abiria wanunue viazi, nikatumbukiza mkono kwenye ndoo nikakuta maji ya baridi kama ya mtungi uliolala nje. Wanne walikuwa wamelala ubavu. Uyole nikashuka na ndoo ya samaki wa kukaanga.

Mfuniko ulichangia, maana samaki saba kwenye ndoo iliyofungwa humaliza hewa haraka. Lakini muuaji mkuu alikuwa mlima. Uso wa Ziwa Nyasa uko kwenye mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, Mbeya mjini ni kama mita 1,700, na barabara inayoviunganisha inapanda juu zaidi ya hapo kabla ya kushuka Uyole. Nilikuwa najua kuvua, nikadhani najua samaki.

Ndoo hiyo huwa naikumbuka kila ninapoulizwa swali ambalo huku kwetu halikauki. Wa mwisho kuniuliza ni mwalimu mmoja wa Kihesa, Iringa: "Kaka, mimi napenda samaki. Nina mwanzi wangu wa kuvulia, mama watoto anataka tangi sebuleni, na uani kuna nafasi ya kuchimba. Pesa ni ya kitu kimoja. Nichukue kipi?" Nilimjibu kwa maswali, na maswali yenyewe ndiyo vipimo vya makala hii.

Vipimo vyenyewe

Cha kwanza ni baridi: unakaa wapi, na nyumba yako inashuka nyuzi ngapi alfajiri ya Julai? Nakiweka mbele kwa makusudi, kwa sababu ushauri mwingi wa samaki huandikwa na watu wa nchi zenye nyumba zinazopashwa joto, au na watu wa Dar es Salaam ambao shida yao ni joto. Cha pili ni fedha, ile ya siku ya kwanza na ile ya kila mwezi, ambazo mara nyingi hazifanani. Cha tatu ni muda, na hasa muda wa namna gani. Cha nne ni ruhusa na usalama. Cha mwisho ni unachobaki nacho: kitoweo, pambo, au kitu cha kufanya na watoto.

Vinavyolinganishwa ni vitatu. Ndoano, yaani kuvua kwa mshipi kwa ajili ya burudani, si kwa biashara. Tangi la kioo, la lita 100 na kuendelea. Na bwawa dogo la uani, tuseme mita mbili kwa tatu, ambalo ni kama mtoto wa hao wawili, maana unaweza kulitazama na ukipenda unaweza kuvua humo humo.

Baridi

Mvuvi hapambani na baridi. Huifuata au huikimbia. Kwenye vijito na mabwawa ya Mufindi, katikati ya mashamba ya chai, kuna trauti, samaki walioletwa enzi za ukoloni na Waingereza waliotaka mchezo wa kwao. Trauti anataka maji safi, yenye hewa nyingi, yasiyozidi nyuzi 20, kwa hiyo baridi ile inayotia vidole ganzi ndiyo inayomweka hai. Perege ni kinyume chake. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20 anakula kwa uvivu, yakikaribia 16 anagoma. Ndiyo maana mwezi wa Juni unaweza kushinda kwenye bwawa la Makete au Njombe chambo chako kisiguswe, wakati mwenzako aliyeshuka Mtera, karibu nusu ya njia ya Iringa kwenda Dodoma, anarudi na fungu. Kwa mwenye ndoano, baridi ni suala la nauli tu.

Kwa mwenye tangi ni suala la kila usiku. Samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, ambao wafugaji wa dunia nzima huwaita kwa jina lao la ziwani, mbuna, wanataka maji ya nyuzi 24 hadi 27. Sebule ya Mbeya alfajiri ya Julai inaweza kuwa na 15 au pungufu. Tofauti hiyo ya nyuzi kumi lazima izibwe na hita. Kanuni ya wafugaji ya wati moja kwa kila lita inatosha pale ambapo chumba chenyewe kina uvuguvugu. Huku juu mimi huhesabu wati moja na nusu, kidogo chini ya hapo kama tangi lina mfuniko na mgongo wake umebandikwa karatasi la povu.

Hapa watu wengi hukosea kwa kununua tangi dogo "la kujifunzia". Tangi dogo ni gumu zaidi. Umeme ukikatika saa nne usiku, lita 200 zilizofunikwa blanketi zitafika asubuhi zikiwa bado na uvuguvugu. Lita 30 zitakuwa zimepoa kama maji ya ndoo yangu. Uchafu nao huenda hivyo hivyo: samaki mmoja akifa usiku kwenye maji mengi unaamka ukamtoa, kwenye maji machache unaamka ukawatoa wote.

Kuna njia ya kuikwepa hita, na nashangaa kwa nini watu wa Mbeya, Njombe na Makete hawaitumii zaidi. Samaki wa dhahabu, wale wa rangi ya chungwa ambao asili yao ni China, ni samaki wa maji ya baridi. Nyuzi 18 hadi 22 zinawatosha, na zikishuka zaidi polepole hupunguza kula tu. Nimeona wakiuzwa tangi moja na samaki wa joto kana kwamba wote ni ndugu. Si ndugu. Ila usidanganyike na picha ya bakuli la mviringo: samaki wa dhahabu hukua hadi kuzidi kiganja, huchafua maji kuliko umbo lake, na akitunzwa huishi miaka kumi na zaidi. Wawili wanataka lita 80 angalau.

Bwawa la uani linategemea mtaa wako uko kwenye mwinuko gani. Kyela, Pawaga, Idodi na mabonde mengine ya chini, perege atakua. Mafinga, Njombe au Mbeya mjini atakaa, atazaana, lakini ukubwa wa sahani utausubiri sana, kwa sababu anakua vizuri maji yakiwa na nyuzi 26 hadi 30, na huku juu siku za namna hiyo ni chache. Maji yakishuka hadi nyuzi 11 hivi anaweza kufa kabisa. Kwa mabwawa ya juu, samaki wa dhahabu na ndugu yake mkubwa koi hupita kipupwe bila shida, bwawa likiwa na kina kinachokaribia mita moja.

Fedha

Ndoano ndiyo nafuu kuliko zote, na Iringa na Njombe ni nafuu zaidi kwa sababu fimbo inaota yenyewe. Mwanzi wa ulanzi uliokomaa, ukaanikwa kivulini ukiwa umenyooshwa, ni fimbo nzuri kabisa ya samaki wa ukubwa wa kawaida. Ongeza mshipi wa nailoni, ndoano chache, chubwi ya kuzamisha na kipande cha kandambili iliyochakaa kiwe boya. Nyungunyungu wako nyuma ya zizi. Fimbo ya dukani yenye gurudumu la kukunjia mshipi ni tamu, lakini si ya lazima mpaka uanze kurusha mbali. Gharama inayouma ni safari: nauli, chakula, na pengine malazi. Mtu wa Mbeya anayevua Matema mara mbili kwa mwezi, mwisho wa mwaka angeweza kuwa na tangi.

Tangi ni kinyume: kubwa mwanzoni, kisha kitu kidogo kisichokoma. Fundi vioo wa Mwanjelwa au Soweto, pale Mbeya mjini, anaweza kukuunganishia tangi kwa bei ya chini kuliko lililokuja limefungwa kwenye boksi, mradi umwambie mambo mawili. Unene wa kioo ufuate kimo cha maji, na silikoni iwe ile isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, maana dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Halafu meza. Lita 150 ni kilo 150 kabla ya kioo, mchanga na mawe. Kabati la televisheni halikutengenezwa kwa mzigo huo.

Kisha kuna LUKU, jambo ambalo muuzaji wa tangi hakuambii. Chukua hita ya wati 200 inayowaka nusu ya saa za siku: hiyo ni uniti 2.4 kwa siku, uniti 72 kwa mwezi. Kundi la wateja wadogo wa majumbani, wale wanaonunua umeme kwa bei nafuu, mpaka wake ni uniti 75 kwa mwezi. Kwa hiyo mbuna wako peke yao wanakula karibu fungu zima, na taa za nyumba, simu na pasi vinakusukuma kwenye bei ya juu, kwa uniti zako zote zinazozidi. Samaki wa dhahabu hawana deni hilo. Kichujio na taa ndogo hutumia sehemu ndogo tu ya umeme huo.

Bwawa gharama yake ni jasho na plastiki nzito ya kutandika chini, isipokuwa udongo wako uwe wa mfinyanzi unaoshika maji. Mita mbili kwa tatu kwa kina cha sentimita 80 ni lita 4,800. Zihesabu kwa ndoo kabla hujachimba.

Muda

Ndoano inadai siku nzima, lakini siku unayoichagua wewe. Ukisafiri, ukiuguliwa, ukifika msimu wa mitihani, unaiegemeza ukutani miezi mitatu na haikulaumu. Tangi linadai dakika kumi, kila siku, bila kukuuliza. Kwa mtu mwenye siku zilizopangika dakika kumi si kitu. Kwa dereva wa lori la Tunduma ni nyingi mno.

Na tangi lina muda mwingine ambao wavuvi wanaohamia kwenye kioo huukosa wote, mimi nikiwa wa kwanza: majuma manne hadi sita ya kungoja. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Bakteria fulani huigeuza kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi. Bakteria hao hawaji na tangi jipya. Huota kwenye sponji ya kichujio na kwenye mchanga, polepole, na kwenye maji ya baridi polepole zaidi. Ukiweka samaki kumi siku ya kwanza, watakufa juma la pili kwenye maji meupe kabisa na utasema umerogwa. Ziwani mvuvi halioni jambo hili kwa sababu ziwa liliishamaliza kungoja zamani.

Baada ya hapo kazi ni ya kawaida. Badilisha robo ya maji kila juma. Maji ya bomba yaache wazi siku nzima klorini itoke. Kichujio kisuuze kwa maji ya tangi lenyewe, sabuni isikaribie. Kwa mbuna kuna la ziada: maji ya chemchemi za milimani mara nyingi ni mepesi, yaani yana madini machache, nao wamezoea maji ya ziwa yenye pH (kipimo cha uchachu wa maji) ya 7.7 hadi 8.6. Mawe ya chokaa, yale yanayopatikana upande wa Songwe, huyapandisha taratibu. Ukitaka kujua kama jiwe lina chokaa lidondoshee ndimu. Likitoa povu, ndilo. Na usiwape nyama. Wengi wao ni wakwanguaji wa ukoga wa miambani, mchicha uliochemshwa unawafaa kuliko mnofu, na chakula kizito huwavimbisha matumbo hadi kufa.

Bwawa likishatulia linahitaji saa moja au mbili kwa juma: kutoa majani, kulisha, kuongeza maji kiangazi. Adui zake wana mabawa. Mdiria mmoja akilijua bwawa lako atakuja kila asubuhi kama mfanyakazi, kwa hiyo tandaza wavu.

Ruhusa na usalama

Uvuvi unaongozwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 na kanuni zake za 2009, na burudani haikuondoi humo: kuna leseni. Anza kwa afisa uvuvi wa halmashauri, na ukifika ziwani wapitie BMU, wale wa kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi pale mwaloni, ambao ndio wanaojua wapi pamefungwa na wapi samaki wanazaliana. Ndani ya hifadhi ya taifa, Kitulo au Ruaha, usitoe ndoano bila kibali cha hifadhi. Mabwawa ya Mufindi mengi yana wenyewe, piga hodi. Mbasa nao, ambao hupanda mito ya Kyela na Rungwe kutaga msimu wa mvua, waache wapite.

Usalama wa mvuvi ni jambo la maji yenyewe. Mtera na Rukwa kuna mamba na viboko, na mahali pazuri pa kuvulia jioni ndipo pazuri pa mamba kuvizia. Maji yaliyotulia yenye majani yana konokono wa kichocho, hata Ziwa Nyasa, kwa hiyo vua ukiwa juu ya jiwe au mtumbwini, si ukiwa umezama magotini.

Tangi hatari yake ni umeme karibu na maji: waya wa hita ushuke chini ya soketi kisha upande, ili tone likitiririka lidondokee sakafuni, na chomoa hita kabla ya kupunguza maji, kwani ikiachwa inawaka hewani hupasuka. Bwawa hatari yake ni watoto, wako na wa jirani. Lizungushie uzio kabla hujatia maji. Na ukitaka kuchepusha maji ya kijito, hilo ni suala la kibali cha bodi ya bonde: Iringa ni Bonde la Rufiji, Tukuyu na Kyela Bonde la Ziwa Nyasa, Mbeya mjini Bonde la Ziwa Rukwa.

Unachobaki nacho

Ndoano inakupa kitoweo siku nyingine na siku nyingine njaa. Tangi halikupi kitoweo kamwe, ila linakupa kitu ambacho mvuvi hakioni miaka yote aliyovua: samaki asiyejua kwamba anatazamwa. Mimi nilivua perege tangu nikiwa darasa la nne, lakini ni kwenye kioo ndipo nilipoona jike la mbuna likiokota mayai yake kwa mdomo na kukaa nayo humo karibu majuma matatu, kidevu kimevimba, halili. Nikaelewa kwa nini msimu fulani ndoano yangu ilikuwa inaleta madume matupu: nao perege wengi hufanya hivyo hivyo, na mwenye watoto mdomoni haumi chambo. Tangu hapo nikimpata jike mwenye kidevu kilichojaa kwenye wavu wa mtu, naomba arudishwe.

Na ndoano nayo inamfundisha mwenye tangi. Aliyekaa juu ya miamba ya Matema anajua kwamba mbuna hukaa kwenye nyufa, kila dume na ufa wake, na akirudi nyumbani hapangi jiwe moja zuri katikati ya mchanga kama kwenye picha. Anapanga kifusi, mashimo mengi, na vita vinapungua.

Bwawa linakupa nusu ya kila kimoja: samaki wachache mezani, mbu wachache uani kwa sababu samaki hula viluwiluwi vyake, na maji machafu ambayo mchicha unayapenda kuliko mbolea ya dukani. Kwa watoto ndiyo shule bora. Chukua koleo, bana kile kijimwiba cha nyuma ya ncha ya ndoano kilale, lowesha mikono kabla ya kumshika samaki ili usimtoe ute unaomkinga na maradhi, mtoe akiwa bado ndani ya maji, mwachie. Mtoto wa miaka saba anaweza.

Ndoo inayopita katikati

Wengi wanaonisoma, najua, wanataka vyote: wavue wenyewe kisha wafuge walichovua. Inawezekana, lakini ndoo ndiyo mahali penye makosa makubwa, na si kwa samaki wa ndani yake tu.

Kutoka ziwani kwenda kwenye tangi: uliza ruhusa kwanza, maana samaki wa mapambo wana leseni zao. Chukua wachache na wadogo, tumia wavu wa mkono badala ya ndoano, beba kwenye kasha la povu linaloshika joto na pampu ya hewa ya betri, na wakae kwenye tangi la pembeni majuma mawili au matatu ukiangalia maradhi. Kwa uzoefu wangu, mtu anayeanza ni heri anunue waliozaliwa kwenye tangi. Wamezoea kioo, na ziwa halikupungua.

Kutoka kwenye tangi kwenda mtoni: usifanye. Umechoka na samaki wako, mpe mtu mwingine, na usiwatumie kama chambo. Sote tunajua sangara alivyowafanya furu, wale samaki wadogo wa asili, baada ya kupandikizwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950. Huku kwetu sato na ndugu zake waliopelekwa huku na huku kwa nia njema wanazaana na perege wa asili hadi wa asili wanapotea ndani yao.

Mfano wa karibu zaidi uko Rungwe. Ziwa Masoko, lile la kreta ambalo wazee wanasimulia kwamba Wajerumani walitupa fedha zao humo, halifiki kilomita moja kwa upana na kina chake ni kama mita 37. Ndani yake kuna samaki mdogo wa jamii ya furu ambaye watafiti, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, walimkuta anagawanyika makundi mawili: wa manjano wanaokaa kwenye kina kifupi na wa samawati walioko chini kwenye giza, mgawanyiko ulioanza ndani ya miaka 1,000 hivi iliyopita. Yaani pale, mwendo wa bajaji kutoka Tukuyu, aina mpya ya samaki inaonekana kuzaliwa. Ndoo moja ya samaki wa mtu aliyehama nyumba inatosha kuivuruga kazi hiyo.

Kwa hali yako

Kama umepanga chumba kimoja au viwili, na mwenye nyumba ndiye mwenye mita ya umeme, chukua ndoano. Tangi litakugombanisha naye mwezi wa kwanza, na kuhama na kilo 200 za maji na kioo si mchezo.

Kama unasafiri kikazi mara kwa mara lakini nyumbani kuna mtu mwenye moyo na samaki, tangi linawezekana, mradi yeye ndiye achague samaki. Kama hayupo, ndoano tena, na ibebe safarini: Kyela, Mtera, popote kazi inapokupeleka, leseni ikiwa mfukoni.

Unakaa juu, Mbeya mjini, Mafinga, Njombe, Makete, na unataka pambo la sebuleni: tangi la samaki wa dhahabu, lita 100 na zaidi, bila hita. Moyo ukikung'ang'ania rangi za mbuna, anza na lita 150 au 200, weka hesabu ya LUKU kwenye bajeti kama unavyoweka ya gesi, na nunua pampu ya hewa ya betri siku ile ile unayonunua tangi.

Una kiwanja na watoto walioanza shule, na maji hayakusumbui kiangazi: bwawa. Kyela na mabonde ya Iringa weka perege ule. Huku juu weka samaki wa dhahabu, na mboga pembeni.

Mgonjwa wa mgongo au mzee aliyestaafu ambaye zamani alikuwa mvuvi hodari, usimnunulie fimbo mpya. Mnunulie kioo. Nimeona mzee mmoja wa mtaa wa Forest, Mbeya, akikaa mbele ya tangi jioni nzima akilisimulia.

Mwalimu wa Kihesa hajaamua bado. Nilimwambia asinunue kitu chochote isipokuwa kipimajoto, akitumbukize kwenye ndoo ya maji pembeni ya kochi na asome namba kila akiamka, majuma mawili. Jana kanitumia ujumbe: "Kamwene kaka. Saa kumi na moja alfajiri, nyuzi 14. Mama watoto anauliza samaki wa dhahabu wanapatikana wapi."